Mama Desimali Anaaga, na Neno kwa Meza ya Nne

Baada ya miaka ishirini na sita na miezi minne ya utumishi, mpimaji mkuu wa chumba cha vipimo, ambaye wote tunamwita Mama Desimali, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, saa kumi jioni. Hiyo miezi minne ameisisitiza mwenyewe. Nilipoandika "zaidi ya miaka ishirini na sita", alikata kwa kalamu nyekundu na kuniuliza zaidi kwa kiasi gani.

Ofisi iliniomba kurasa mbili za furaha. Nimekaa naye benchi moja miaka kumi na saba, yeye akisoma namba na mimi nikiziandika, kwa hiyo furaha ninazo na nitazitoa. Lakini wanaopenda wasifu wa kuchekesha mwanzo hadi mwisho wanivumilie. Mama Desimali ameomba jambo moja liandikwe humu na lisomwe kwenye uwanja wa kiwanda mbele ya watu, na jambo hilo halichekeshi. Linawahusu watu watano waliofukuzwa hapa miaka kumi na moja iliyopita kwa ripoti yenye saini yake. Ripoti ile haikuwa ya kweli.

Tuanze na kazi. Alifika hapa akiwa na cheti cha ufundi umeme, watoto wawili, na mkoba ambao hadi leo hatujui una nini ndani. Alianzia upande wa chaja za betri, akikaa kwenye kiti kisicho na mgongo kwa sababu, alisema, mgongo wa kiti humfanya mtu akubaliane na kila namba anayoiona. Miaka kumi baadaye kiwanda kilipoacha chaja na kuanza kutengeneza inveta ndogo za sola, yeye ndiye aliyepewa funguo za chumba kipya cha vipimo. Amezirudisha wiki hii, zote saba, kila moja ikiwa na kikaratasi chake.

Kwa wageni watakaokuwapo, inveta ndogo ni kisanduku cha ukubwa wa kitabu kinene, hufungwa nyuma ya paneli ya sola juu ya paa. Paneli hutoa umeme wa aina ya betri, nacho kisanduku huugeuza uwe kama ule wa ukutani. Chumba chetu kina swali moja tu: umeingia umeme kiasi gani, na umetoka kiasi gani? Zikiingia wati mia moja, zikatoka tisini na tano au zaidi, kisanduku kinafaulu. Zikipungua hapo, kinarudi kwenye meza kilikotengenezwa. Anayejibu swali hilo ni analaiza, mashine ya chaneli sita inayoweza kupima visanduku sita kwa mpigo.

Jua lenyewe tunalo kabatini. Ni mashine ndefu ya kijivu inayotoa umeme unaofanana na wa paneli, ukitaka wa asubuhi, wa adhuhuri au wa mawingu, ni kubonyeza tu. Kila siku saa moja na nusu Mama Desimali aliiwasha, akatutangazia kwamba jua limechomoza, kisha hakuna ruhusa ya kupima chochote kwa saa nzima, mpaka mashine zote zipate joto. Meneja mmoja aliyekuja kuharakisha alijibiwa kwa upole kwamba analaiza bado inakunywa chai. Meneja yule hakurudi asubuhi tena.

Jina lake la utani alilipata kwa haki. Mtoto wa dereva wetu alipozaliwa, tukaambiwa ana kilo tatu na nusu. Sote tulisema hongera. Yeye alisema hongera, halafu akauliza mizani ya hospitali ilihakikiwa lini. Dereva alicheka, lakini nasikia mkewe hakucheka.

Kuna pia mhandisi mmoja, leo ni mkubwa kwingineko na hatutamtia aibu, aliyeingia chumbani anahema akitangaza kwamba muundo wake mpya umefikisha asilimia mia moja na mbili. Yaani kisanduku kinatoa umeme kuliko unaoingia. Mama Desimali alimsikiliza mpaka mwisho, akampa mkono wa pongezi, kisha akamwomba achomoe waya wa kuingizia umeme kwa kuwa sasa hauhitajiki. Kijana wa watu alisimama pale na karatasi yake. Ndipo mama akakichukua kisanduku, akakihamishia chaneli nyingine, na zile mia na mbili zikashuka hadi tisini na tano nukta nne. Kisanduku hakikuwa na miujiza, ni chaneli iliyokuwa imefungwa vibaya.

"Hamisha kwanza, hukumu baadaye," akamwambia.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na kila aliyepita chumba kile aliikariri. Namba ikikushangaza, usimlaumu aliyetengeneza. Kitoe kisanduku hapo kilipo, kipeleke chaneli nyingine, upime upya. Tatizo likihama nacho, basi ni la kisanduku. Tatizo likibaki palepale, ni la mashine. Kazi ya dakika tano. Nimemwona akiifanya kwa ajili ya watu aliowapenda na kwa ajili ya watu waliomsema vibaya kantini. Fundi wa meza ya kwanza, mzee mmoja mwenye mdomo mchafu ambaye alimwita "Nukta" mbele ya wageni, alihamishiwa visanduku vyake mara tatu katika mwaka mmoja, na mara zote tatu alisafishwa.

Sasa nifike ninapotakiwa kufika.

Ukumbi wa kuunganishia ulikuwa na meza sita, na kwa urahisi wa kumbukumbu kila meza ilipewa chaneli yake kwenye analaiza. Meza ya kwanza chaneli ya kwanza, ya pili ya pili, hivyo hivyo hadi sita. Utaratibu huo niliupendekeza mimi, kwa sababu ulinipunguzia kuandika, na nilisifiwa. Kiongozi wa meza ya nne alikuwa mke wa kaka yake Mama Desimali. Kwa kuwa yeye alimwita wifi, sisi sote tukamwita Wifi, hata mkurugenzi. Alikuwa na mkono mwepesi kwenye kuchomea vipuri kwa risasi. Nukta zake za risasi ziling'aa, ndogo, zote sawa, na wanafunzi wa mazoezi walipelekwa kwenye meza yake kuangalia.

Mawifi wale walipendana, na hilo sitaki lipotee katika habari hii. Walifika kazini pamoja na kula pamoja, tena kila mmoja alikuwa akimsema mwenzake kwa kaka yule, ambaye alikuwa seremala mpole asiyejua amtetee nani.

Mwezi Machi wa mwaka ule, kihisi cha chaneli ya nne kiliungua. Kihisi ni kidude kinachokumbatia waya na kusoma mkondo unaopita. Kila kihisi kipya huja na namba yake kwenye kikaratasi, na namba hiyo lazima iingizwe kwenye mashine kwa mkono, la sivyo mashine itaendelea kuhesabu kwa namba ya kile cha zamani. Ijumaa ile Mama Desimali alifunga kihisi kipya, akaingiza namba, akaandika "tayari" kwenye daftari. Kabla hajabonyeza kitufe cha kuhifadhi, umeme wa mtaa mzima ulikatika. Uliporudi ilikuwa Jumatatu. Namba mpya haikuwemo tena, nasi tulikuwa na daftari linalosema tayari.

Kuanzia Jumatatu hiyo, kila kisanduku cha meza ya nne kilionekana kutoa umeme kidogo kuliko kilivyotoa kweli. Kidogo tu, kama asilimia moja na nukta mbili. Lakini mpaka wetu ni tisini na tano. Meza nyingine zilikuwa zikipata tisini na tano nukta sita. Meza ya nne ilianza kupata tisini na nne nukta nne, nukta tano, nukta tatu. Visanduku vikaanza kurudi. Wifi na wenzake wanne wakavifungua, wakachomea upya, wakabadilisha vipuri, wakarudisha. Tisini na nne nukta nne. Walianza kufika kazini mapema na kuondoka wamechelewa. Walianza pia kugombana wao kwa wao, maana mtu akiambiwa kila siku kuna kosa mezani, hutafuta la mwenzake.

Mwezi Juni, Jumanne moja, Wifi alikuja mlangoni kwetu na kisanduku kimoja ndani ya mfuko wa aproni. Nilikuwepo. Alisema kwa sauti ya chini, "Wifi, nihamishie hiki chaneli ya pili. Dakika tano tu."

Mama Desimali hakunyanyua macho. "Watasema nakubeba."

"Nani atasema?"

"Wote. Kila meza na chaneli yake, Wifi. Ndio utaratibu."

Wifi alinitazama mimi. Ningeweza kukichukua kile kisanduku mwenyewe, nikakichomeka, tukajua palepale. Sikufanya hivyo. Nilijisemea moyoni kwamba mambo ya ndugu hayaingiliwi, nikaendelea kuandika. Wifi akakirudisha kisanduku mfukoni akaenda zake. Ndivyo ilivyokuwa, na nimeiandika bila kupunguza kwa sababu aliyeniagiza hataki ipunguzwe.

Mwezi Julai ripoti ilikamilika. Visanduku mia sita na arobaini vilikuwa vimekataliwa, vyote vya meza moja. Meneja wa uzalishaji aliisoma uwanjani, saa ya chai, wafanyakazi wote wamesimama na vikombe. Alisema meza ya nne imevunjwa kwa uzembe. Alisema pia kwamba ripoti imesainiwa na mtu ambaye hakumwonea haya hata wifi yake mwenyewe, na kwamba sote tuige mfano huo. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga. Wale watano walitoka getini mchana uleule na vitu vyao mkononi. Mlinzi aliwapekua, kama ilivyo desturi. Hakuna aliyewapeleka hata hatua kumi.

Desemba, Mama Desimali alipewa cheti cha mfanyakazi mwadilifu wa mwaka. Kilitundikwa juu ya analaiza.

Chaneli ya nne haikuwa na meza tena, ikafunikwa kwa utepe mweusi. Analaiza ilipopelekwa kuhakikiwa Novemba ile, na kila Novemba iliyofuata, chaneli iliyofunikwa iliachwa, maana nani ahangaike na kitu kisichotumika? Ikakaa hivyo miaka tisa. Sisi tukapima, tukapandishwa vyeo. Katika miaka hiyo Mama Desimali alifundisha wapimaji kumi na wanne, aliandika mwongozo unaotumika hadi sasa, na alipunguza visanduku vinavyorudishwa na wateja kutoka kumi na vinane kwa kila elfu hadi vinne. Hayo ni mafanikio ya kweli, na ofisi ingependa wasifu huu uishie hapo.

Nyumbani hakukuwa hivyo. Kaka yake alikuja kumwona wiki ile ya Julai. Hakugomba. Alisimama mlangoni, akakataa kiti, akamwambia, "Ungemtendea kama mtu baki tu, dada, ingetosha." Baada ya hapo hakusema naye tena. Harusi zilipita, na wazazi wao waliugua na kupona, wale wawili wakipitishiana ujumbe kwa watoto. Miaka minne iliyopita kaka huyo alifariki. Mama Desimali alikwenda mazishini, akasimama nyuma pamoja na majirani. Alirudi kazini siku ya tatu, akawasha jua la kabatini, akasahau kututangazia.

Kwa upande wake Wifi, habari za uzembe zilimtangulia kila alikoomba kazi, maana watu wa fani hii ni wachache na wanapigiana simu. Alianza kutengeneza redio na pasi barazani kwake. Mkono ule uliokuwa ukitazamwa na wanafunzi, sasa ulikuwa ukibadilisha nyaya za birika.

Miaka miwili iliyopita kazi iliongezeka, ikafunguliwa meza mpya. Tulibandua ule utepe mweusi tukaipa meza hiyo chaneli ya nne. Kundi la kwanza la visanduku lilipanga foleni. Mama Desimali akasoma, nami nikaandika: tisini na nne nukta nne. Tisini na nne nukta tano. Tisini na nne nukta nne.

Nikaacha kuandika. Yeye akafanya alichokuwa akikifanya siku zote kwa watu wote isipokuwa mmoja. Akakichomoa kisanduku, akakipeleka chaneli ya pili. Tisini na tano nukta sita.

Alifungua kumbukumbu za mashine. Namba ya kihisi cha chaneli ya nne ilikuwa ile ya zamani, haijaguswa kwa zaidi ya miaka tisa. Akalifungua daftari la Machi ile, akaliona neno "tayari" kwa mwandiko wake. Nilimwambia umeme ulikatika, si kosa lake. Akanijibu kwamba umeme ulikatika kwa mtaa mzima, ila mtaa mzima haukumnyima mtu dakika tano. Siku hiyo alikishusha kile cheti akakigeuza kifudifudi kwenye droo ya chini. Msumari uko palepale, atakayemfuata kwenye kiti chake asiutundikie kitu.

Jumamosi yake alikwenda kwa Wifi. Haya amenisimulia mwenyewe, na ameniruhusu. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akaeleza yote akiwa amesimama. Wifi alikuwa akimenya vitunguu na hakuacha. Alipomaliza kusikiliza alipanda kigoda, akatoa juu ya kabati kisanduku kilichofungwa kwenye kitambaa. Kilikuwa kile cha mfuko wa aproni. Kisanduku pekee cha meza ya nne cha miezi ile kilichobaki duniani, maana vile mia sita na arobaini vilivunjwavunjwa. Namna kilivyompita mlinzi getini tusiulize.

"Kapime kwanza," Wifi akasema. "Halafu uje."

Tulikipima Jumatatu, chaneli ya pili, baada ya mashine kukaa saa yake nzima. Tisini na tano nukta saba. Tukarudia mara kumi, kwa sababu ndiye yeye. Mara tisa ilikuwa nukta saba, mara moja nukta nane. Katika meza zote sita za enzi zile, hakukuwa na meza iliyowahi kupata zaidi ya hapo.

Jioni alirudisha kisanduku na karatasi ya vipimo. Wifi aliisoma yote, hata tarehe. Alisema alijua. Alisema amejua tangu Juni ile, ila kujua peke yako hakukupi kazi. Mama Desimali akamwomba radhi, palepale jikoni, akilia. Wifi akamwacha alie mpaka akamaliza, kisha akasema neno ambalo ndilo limetufikisha kwenye wasifu huu.

"Uliniharibia uwanjani, unanitengenezea jikoni?"

Tangu siku hiyo Mama Desimali amekuwa akitafuta uwanja. Aliandika barua ofisini, tangazo lisomwe saa ya chai kama lile la mwanzo lilivyosomwa. Akajibiwa kwamba yaliyopita si ndwele. Akaandika tena kwamba hiyo ndwele ina watu watano na bado inawauma. Akaambiwa kampuni haiwezi kufufua mambo ambayo hata meneja aliyeyasoma ameshaondoka. Barua ya tatu haikujibiwa. Sote tulimshauri apumzishe roho, astaafu kwa amani, watu wanamheshimu, kwa nini ajipake matope mwishoni? Nilimshauri hivyo mimi pia, na nadhani nilikuwa nikijitetea mwenyewe. Wiki nzima hakunisemesha isipokuwa namba.

Kisha akakumbuka kitu ambacho sote tulikisahau. Hapa kwetu wasifu wa anayestaafu husomwa wote uwanjani, neno kwa neno, na anayeupitisha ni mstaafu mwenyewe, si ofisi. Desturi hiyo ilianza pale mlinzi wetu mmoja alipostaafu akasomewa watoto wanane, naye ana watatu, mkewe akiwa amekaa mstari wa mbele. Tangu hapo ofisi haigusi. Ndiyo karatasi pekee katika kiwanda hiki ambayo yeye Mama Desimali ana saini ya mwisho juu yake. Wengine hungoja siku hii wasikie sifa zao. Yeye alikuja kwenye benchi langu mwezi Agosti na kuniambia kwamba sifa zipunguzwe kadiri itakavyowezekana, ila meza ya nne iingie yote.

Rasimu yangu ya kwanza ilisema kulikuwa na "kosa dogo la kibinadamu la kiufundi". Ilirudi na wino mwekundu. Alikuwa amekata "dogo", amekata "la kibinadamu", amekata "la kiufundi". Alibakiza "kosa", na pembeni akaandika: "Kupima niliweza. Niliogopa midomo ya watu." Nimeiacha hivyo.

Kwa hiyo kwa idhini yake, na kwa saini yake iliyo chini ya nakala hii, ninaandika yafuatayo ili yasomwe kwa sauti ileile ya uwanjani. Ripoti ya Julai miaka kumi na moja iliyopita ilikuwa na makosa. Visanduku vya meza ya nne vilikuwa vizima. Chaneli ya nne ndiyo iliyokuwa mbovu. Kiongozi wa meza aliomba kipimo ambacho kila mtu mwingine hapa alipewa, akanyimwa kwa sababu alikuwa wifi wa mpimaji. Meza ya nne haikuwa na uzembe wowote.

Wale watano tumewatafuta. Mwanamke aliyekuwa akikata nyaya tumempata, ana duka la nguo za watoto. Mafundi wawili waliokuwa wakifunga mifuniko walihamia mbali, mmoja amejibu kwa simu, alisikiliza akakata. Msaidizi wa vipuri hatujampata mpaka leo, na anayemfahamu tunamwomba amfikishie nakala. Wifi amepelekewa mwaliko kwa mkono. Hakusema atakuja, hakusema hatakuja. Aliuliza tu wasifu utasomwa saa ngapi.

Kwa Mama Desimali, wenzako wa chumba cha vipimo tunakushukuru. Umetufundisha kusubiri mashine ipate joto, na kuogopa namba inayotupendeza. Tangu miaka miwili iliyopita hakuna kisanduku kinachokataliwa hapa kabla hakijahamishwa chaneli, awe aliyekitengeneza ni ndugu, adui au mtu baki, na namba ya kila kihisi husomwa na watu wawili. Utaratibu huo una jina lako rasmi, ingawa ulilikataa. Hatutakudanganya kwamba haya yanamrudisha kaka yako. Tunakuombea usingizi, maana tunajua umepungua, na mlango mmoja wa mbele utakaofunguliwa ukibisha. Mengine utayapima mwenyewe.

Kwa kawaida wasifu humalizikia hapo, kwa heri za anayeondoka. Mama Desimali ameomba heri zake za mwisho wapewe waliotangulia kupita geti lile bila kuandikiwa hata mstari mmoja. Meza ya nne, mlifanya kazi hapa miaka mitano na kazi yenu ilikuwa safi. Mlipotoka tulikuwa tumesimama na vikombe vyetu, tukawaangalia. Tunawaaga leo. Kwaherini, na mtusamehe tulivyochelewa.